Saa moja ya kupumzika peke yako kwa nyimbo tulivu za Kijapani: namna ya kuipanga

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. Nianze na wimbo upi? Mbona nikitafuta muziki wa Kijapani wa kutuliza akili naletewa video ya saa nane yenye picha ya mlima Fuji na filimbi isiyojulikana inapigwa na nani? Mbona nilishaanza kutulia, mara ukaingia wimbo wa katuni wenye magitaa kama vita? Na je, lazima nijue Kijapani?

Kijapani si lazima. Kutokijua kunasaidia, maana maneno usiyoyaelewa hayakuvuti kwenye mawazo yako. Nyimbo nazo si taabu kuzipata. Kinachowashinda wengi ni vile vinavyoingia katikati: tangazo, mlio wa ujumbe, wimbo unaopaza kuliko uliotangulia, au programu kujichagulia wimbo unaofuata. Kwa hiyo nusu ya kazi hapa chini ni kuchagua nyimbo, na nusu ni kuziba mianya. Ukifanya ya kwanza ukaacha ya pili, umepoteza muda wako.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu au kompyuta yenye nafasi ya MB 150. Muziki wa kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban MB 58 kwa saa; wa kilobiti 320 hula MB 144. Kwa kusikiliza taratibu chumbani, 128 inatosha. Video ya picha nzuri hula mara nyingi zaidi ya hapo, na bando lako litalia kabla yako.
- Programu moja ya muziki inayokuruhusu kupakua nyimbo ukazisikiliza bila intaneti, au mafaili yako mwenyewe uliyoyanunua.
- Spika ndogo au hedifoni. Spika ni bora kwa kulala. Hedifoni ni bora kama nyumba ina watu.
- Mahali pa kukaa au kulala ambapo hutaitwa kwa saa moja. Hili ndilo gumu kuliko yote.
- Dakika 40 za maandalizi, na ziwe za siku nyingine. Ukipanga orodha usiku ule ule uliochoka, utaishia kuvinjari mpaka saa saba.

Hatua ya 1. Amua saa hii ni ya nini

Kuna kutulia ili ulale, na kuna kutulia ukiwa macho: umetoka kazini, kichwa kimejaa, unataka kukaa tu. Ya kulala iishie kwenye muziki usio na sauti ya mtu wala mdundo, kisha izime yenyewe. Ya kukaa macho iishie na wimbo mmoja wa kuimbwa, ukurudishe duniani polepole. Mpangilio wa hatua ya 7 ni wa kulala. Kwa ule mwingine, hamishia wimbo mmoja wa kuimbwa mwishoni, basi.

Hatua ya 2. Tafuta kwa herufi za Kijapani

Hapa ndipo wengi wanapokosea mapema. Ukitafuta kwa Kiingereza maneno kama "zen" na "spa", unaletewa mikusanyiko iliyotengenezwa kwa ajili ya kutegesha matangazo. Nakili herufi hizi, bandika kwenye kisanduku cha kutafutia:

- 唱歌 (shōka): nyimbo za shule za zamani
- 子守唄 (komoriuta): nyimbo za kubembeleza watoto
- 沖縄民謡 (Okinawa min'yō): nyimbo za kienyeji za visiwa vya Okinawa
- 箏曲 (sōkyoku): muziki wa koto, ala ndefu ya nyuzi za kukwanyua
- 尺八 本曲 (shakuhachi honkyoku): vipande vya asili vya filimbi ya mwanzi
- 環境音楽 (kankyō ongaku): muziki wa mazingira, ule wa miaka ya 1980
- 久石譲 (Joe Hisaishi), 坂本龍一 (Ryuichi Sakamoto), 吉村弘 (Hiroshi Yoshimura): majina ya watunzi

Kanuni moja ya kuchuja: kama rekodi haina jina la mpigaji, iache. Mpiga koto aliyesomea kazi yake miaka mingi haachi kuandika jina lake.

Onyo la pili ni la ala zenyewe. Vingi vinavyouzwa kama muziki wa Kijapani ni vya Kichina. Koto ya kawaida ina nyuzi 13, nayo hukwanyuliwa kwa kucha tatu za bandia zinazovaliwa kidole gumba, cha shahada na cha kati. Guzheng ya China huwa na nyuzi 21, na wapigaji wake hupenda kutetemesha uzi mmoja haraka haraka kama mvua ya rasharasha. Ukisikia mtetemo huo unaendelea bila kupumua, uko Beijing. Filimbi ya mlalo inayovuma kama nyuki ni dizi ya China: ina ngozi nyembamba iliyobandikwa juu ya tundu. Shakuhachi hupulizwa kwa nchani, na utasikia pumzi ya mtu ndani ya sauti. Hakuna ubaya kusikiliza guzheng, ila ujue unachosikiliza, maana uchangamfu wake utakuvurugia mpango.

Kuhusu koto, isichanganywe na taishōgoto, kinanda kidogo chenye nyuzi na vitufe kama vya mashine ya kuchapa, kilichobuniwa Nagoya mwaka 1912 na Goro Morita. Hicho ndicho kilichovuka bahari kikaingia kwenye taarab ya Mombasa kwa jina la tashkota. Masikio ya mtu wa pwani yameshakizoea zamani. Ila kwenye taarab hakikuja kumlaza mtu.

Hatua ya 3. Chagua nyimbo tatu za kuimbwa

Tatu, zisizidi. Kazi yake ni kukutoa kwenye kelele za mchana. Hizi tatu hazijawahi kumwangusha anayeanza:

*Furusato*, wimbo wa shule wa mwaka 1914, muziki wa Teiichi Okano. Unakwenda kwa hesabu ya tatu kama bembea, na unasimulia mtu aliye mbali akikumbuka milima alikofukuza sungura na mto alikovua samaki wadogo. Mstari wake wa kwanza, *usagi oishi*, watoto wa Kijapani wenyewe huusikia vibaya kama "sungura ni mtamu". Chagua rekodi ya sauti moja na piano. Za kwaya kubwa zinapanda mno ubeti wa tatu.

*Itsumo Nando Demo*, wimbo unaofunga filamu ya *Spirited Away* ya mwaka 2001. Ameuimba Youmi Kimura huku akikwanyua kinubi kidogo cha mkononi, hakuna ngoma wala okestra. Tafuta rekodi yake yeye. Kuna mamia ya watu waliourudia, na wengi wameongeza vinanda usivyovihitaji.

*Tinsagu nu Hana*, wa Okinawa. Si Kijapani cha Tokyo bali lugha ya visiwa, na huambatana na sanshin, ala ya nyuzi tatu iliyowambwa ngozi ya nyoka. Maneno yake yanasema: paka kucha rangi ya ua la tinsagu, na moyo uupake maneno ya wazazi. Mtu aliyekulia kwenye hina halihitaji tafsiri hilo.

Tahadhari juu ya komoriuta. Usidhani kila wimbo wa kubembeleza ni wa mama na mwanawe. Nyingi zinazojulikana zaidi, kama *Itsuki no Komoriuta* wa Kumamoto na *Takeda no Komoriuta* wa Kyoto, ni malalamiko ya yaya: wasichana wa familia maskini waliopelekwa kulea watoto wa watu, wakimwimbia mtoto mgongoni taabu zao wenyewe. Ni nyimbo nzuri sana, lakini zina uzito, na usiku wa huzuni zitakuzamisha. Ukitaka ya kubembeleza kweli, tafuta *Edo Komoriuta*, unaoanza na *nennen kororiyo*.

Hatua ya 4. Ongeza vipande viwili vya koto na shakuhachi

Cha kwanza kiwe *Haru no Umi*, yaani bahari ya majira ya kuchipua. Michio Miyagi, aliyepofuka tangu utotoni, alikitunga mwaka 1929, na mpaka leo Wajapani hukisikia kila Mwaka Mpya madukani na kwenye televisheni. Koto inaanza peke yake: sauti zinapanda na kushuka kama mawimbi madogo yanayogusa mchanga na kurudi, kisha shakuhachi inaingia juu yake, ndefu, kama mtu anayeita kutoka kwenye ngalawa. Kina sehemu tatu, na ya katikati inachangamka. Kwa hiyo nafasi yake ni mapema kwenye orodha. Ukikiweka mwishoni kitakuamsha. Hakikisha pia ni koto na shakuhachi, kwa sababu rekodi nyingi zimeweka violini au fluti mahali pa filimbi ya mwanzi.

Cha pili kiwe honkyoku mmoja wa shakuhachi pekee. *Tamuke* ni pa kuanzia pazuri: ni kipande cha kuwakumbuka waliotangulia, kinakwenda polepole, hakina mdundo wa kuhesabu. Shakuhachi imeitwa hivyo kwa urefu wake wa kawaida, shaku moja na sun nane kwa vipimo vya zamani vya Kijapani, kama sentimita 54.5. Ina matundu manne mbele na moja nyuma. Watawa wa Kibudha waitwao komusō waliipiga kama namna ya kutafakari, na ndiyo maana kila kifungu cha sauti ni pumzi moja ya mpigaji. Tumia hilo: yeye akivuta pumzi, nawe vuta, akipuliza, nawe toa taratibu. Ukishindwa kufika mwisho pamoja naye, usijilazimishe. Mapafu yake yana mazoezi ya miaka.

Kama umekipenda *Rokudan no Shirabe*, kipande cha koto chenye sehemu sita, kiweke ukijua kwamba kasi inaongezeka kadiri kinavyokwenda na kupungua pale mwisho kabisa. Ni cha mchana zaidi.

Hatua ya 5. Piano, vipande vitatu

*Energy Flow* cha Ryuichi Sakamoto ni piano tupu. Mwaka 1999 kilikuwa muziki wa kwanza usio na maneno kuongoza chati ya Oricon ya Japani, nacho kilianzia kwenye tangazo la vidonge vya kuwapa nguvu wafanyakazi waliochoka. Walionunua rekodi, inaonekana, walikuwa wamechoka kupita vidonge.

Cha pili, *Ano Natsu e* cha Joe Hisaishi, kile kinachofungua *Spirited Away*. Chukua toleo la piano peke yake. Kosa la kawaida kwa Hisaishi ni kupakua matoleo ya ukumbini, ambako okestra nzima inainuka ghafla na wewe unainuka nayo.

Cha tatu chagua mwenyewe, kwa sharti moja: kisikilize chote kabla ya kukiingiza, hasa theluthi ya kati. *Merry Christmas Mr. Lawrence*, kwa mfano, kinaanza kama matone na katikati kinakuwa kizito. Wengi hukiweka kwa kusikia sekunde thelathini za mwanzo tu, halafu wanalalamika.

Hatua ya 6. Malizia na kankyō ongaku

Hii ndiyo sehemu yenye utajiri na ndiyo wanaoanza hawaijui. Miaka ya 1980 watunzi kadhaa wa Japani walitengeneza muziki wa kukaa ndani ya mahali kama hewa: kwenye makumbusho, nyumba za mfano, maduka. Haukuombi uusikilize. Ukiusikiliza upo, ukiusahau unaendelea na kazi yake.

Anza na Hiroshi Yoshimura. *Music for Nine Post Cards* ya mwaka 1982 ilipigwa kwanza kwenye jumba la sanaa la Hara jijini Tokyo. Ni vipande tisa vya kinanda cha umeme, kila kimoja sentensi fupi ya muziki inayorudi na kurudi ikibadilika kidogo. Chukua *Blink* na *Soto wa Ame*. Cha pili maana yake ni "nje kunanyesha". *Surround* ya mwaka 1986 ilitengenezwa kwa ajili ya kampuni ya kujenga nyumba, isikike ndani ya nyumba hizo. Ni laini zaidi, yafaa dakika za mwisho.

*Green*, ya mwaka huo huo wa 1986, ina matoleo mawili: la asili, na lililoongezwa sauti za maji na ndege kwa soko la Marekani. Kama unaishi palipo kimya, la maji linapendeza. Kama mvua inapiga bati au vyura wako dirishani, chukua la asili. Sauti ya maji juu ya maji inageuka kelele.

Wengine wa kutafuta ukishazoea: Satoshi Ashikawa, *Still Way* (1982), Midori Takada, *Through the Looking Glass* (1983), ila huyu ana ngoma na marimba, si wa kulalia, na Takashi Kokubo, ambaye *Get at the Wave* yake ya mwaka 1987 ilitengenezwa kwa ajili ya wanunuzi wa viyoyozi. Kokubo huyo huyo ndiye aliyebuni mlio wa simu unaowaonya Wajapani kuhusu tetemeko la ardhi. Anajua ncha zote mbili za kazi.

Hatua ya 7. Panga kwa mpangilio huu

Sauti ya mtu kwanza, ala zenye wimbo baadaye, hewa mwisho.

- Dakika 0 hadi 12: nyimbo tatu za kuimbwa
- Dakika 12 hadi 25: *Haru no Umi*, kisha shakuhachi
- Dakika 25 hadi 37: piano
- Dakika 37 hadi 60: kankyō ongaku, vipande vinne au vitano

Dakika si sheria, mfuatano ndio sheria. Usirudi nyuma: sauti ya mtu ikiingia baada ya Yoshimura, akili inainuka kusikiliza anasema nini, hata kama huelewi neno.

Ukitumia mafaili yako, tengeneza faili la kimya la sekunde 20 kwa programu yoyote ya kuhariri sauti na ulipachike kati ya sehemu na sehemu. Wajapani wana neno *ma*, nafasi iliyo kati ya kitu na kitu, na muziki huu umeegemea hapo. Nadharia inatosha.

Hatua ya 8. Ziba mianya

Fanya yote haya. Moja likibaki, ndilo litakalokuamsha.

1. Pakua orodha nzima, kisha weka simu kwenye hali ya ndege. Arifa, simu za watu na matangazo vyote vinakwisha hapo. Kama spika yako ni ya bluetooth, iwashe tena bluetooth peke yake.
2. Zima kipengele cha programu kuendelea kupiga nyimbo zinazofanana orodha ikiisha. Hiki ndicho kinacholeta wimbo wa katuni saa nane usiku.
3. Zima kuchanganya mfuatano. Inashangaza ni wangapi wanasahau.
4. Zima kuunganisha nyimbo, ule mtindo wa wimbo mmoja kuingia juu ya mwisho wa mwingine. Kwenye muziki wa dansi ni sawa. Hapa unakata mkia wa sauti ya koto, na mkia ndio uliomlipia fundi.
5. Washa kusawazisha sauti, kwenye kiwango cha chini kabisa kilichopo. Rekodi ya shakuhachi ya zamani na piano ya juzi hazikurekodiwa kwa ukubwa mmoja.
6. Weka kipima muda cha dakika 65. Programu nyingi zinacho. Kwenye iPhone kipo pia ndani ya saa ya simu: pale unapochagua mlio wa kipima muda, shuka mpaka chini uchague kusimamisha muziki.
7. Laza simu, kioo kikitazama chini.

Hatua ya 9. Pima sauti kwa kipande kikubwa kuliko vyote

Wengi hupima kwa wimbo wa kwanza, ambao ni mdogo, halafu sehemu ya kati ya *Haru no Umi* inawapiga kofi. Fanya kinyume: nenda kwenye sehemu inayopaza kuliko zote ndani ya orodha, shusha mpaka usikie pumzi yako mwenyewe au feni juu ya muziki, kisha usiguse tena. Mwanzo utaona sauti ni ndogo mno. Baada ya dakika tano masikio yanafunguka.

Spika iwe mita moja na nusu hadi mbili kutoka kichwani, usawa wa sikio, isiegemee ukuta wala kukaa pembeni mwa chumba, maana kona huvimbisha besi. Usiiweke juu ya kabati tupu la mbao, litaimba nalo. Taulo lililokunjwa chini yake linamaliza mtetemo.

Kwa hedifoni, epuka kulala nazo za kuziba sikio. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipima kama ilivyoelezwa hapa utakuwa chini sana ya hapo.

Hatua ya 10. Sikiliza

Kaa au lala. Dakika tatu za kwanza usitafute utulivu. Fuata kitu kimoja tu. Koto ikikwanyuliwa, ifuate sauti hiyo moja mpaka usiweze kusema kama bado ipo au imekwisha. Utagundua mkono wa kushoto wa mpigaji unaukandamiza uzi baada ya kuupiga, na sauti inajikunja kidogo ikiwa inakufa. Kisha ingoje inayofuata. Mawazo yakikuchukua, hakuna kesi. Rudi kwenye sauti inayofuata.

Usisimame kubadilisha wimbo. Usioupenda uandike kichwani, utauondoa kesho.

Makosa yanayojirudia

Kuchanganya enka kwa sababu nayo ni ya polepole. Enka ni nyimbo za mapenzi yaliyovunjika na bandari za usiku, sauti inatetemeshwa kwa makusudi ikuchome. Ni tamu, lakini kazi yake ni kinyume.

Kuchukua nyimbo za miaka ya themanini za mjini, zile za besi na saksafoni zinazopendwa sana mtandaoni. Hizo ni za kuendesha gari jioni au kupika. Mguu ukianza kucheza, saa imekwisha.

Kuanza na honkyoku kabla ya kitu kingine chochote. Mtu aliyetoka kwenye daladala hana nafasi ya kuipokea filimbi isiyo na mdundo. Ataiona kama upepo kwenye chupa.

Kusikiliza orodha hii ukiendesha gari. Usifanye hivyo.

Ikigoma: matatizo na tiba

*Nasikia huzuni badala ya utulivu.* Mara nyingi ni skeli. Vipande vingi vya koto na nyimbo za mjini za zamani vinatumia skeli yenye nusu hatua: mi, fa, la, ti, do. Waimbaji wa kwaya ijaribuni kwa mdomo, mtaisikia inavyouma. *Furusato* imejengwa juu ya nyingine, ile ya kawaida: do, re, mi, fa, so, la, ti. Punguza za kundi la kwanza, ongeza za pili. *Sakura Sakura*, ule wimbo maarufu wa Kijapani, kwa wanaoshangaa, ni ya kundi la kwanza.

*Shakuhachi inanichoma sikio.* Kuna mbinu iitwayo muraiki, pumzi ya kishindo inayotolewa makusudi. Kwenye kisawazishi cha sauti punguza desibeli 3 kati ya hezi 2,000 na 5,000. Isiposaidia, chagua filimbi ndefu zaidi: rekodi zilizoandikwa 2.4 (shaku mbili na sun nne) huwa na sauti nzito na ya chini kuliko ya kawaida ya 1.8.

*Nasinzia kabla ya piano.* Kama lengo ni kulala, umeshinda. Kama si hilo, kaa kwenye kiti kisicho na mahali pa kulaza kichwa, na usianze ukiwa umeshiba ugali dakika kumi zilizopita.

*Wimbo haupatikani nchini kwangu.* Vipande vya asili kama *Tamuke* na *Rokudan* havina mwenyewe mmoja: tafuta mpigaji mwingine kwa herufi za Kijapani. Kwa Yoshimura na Sakamoto, jaribu programu nyingine kabla ya kwenda kwenye tovuti za kupakua bure. Mafaili ya huko mara nyingi yamebanwa mpaka sauti ya koto inatoa mchakacho kama mchanga, na majina yamekosewa.

*Umeme unakatika, jenereta ya jirani inaunguruma.* Ngurumo ya chini haizibiki kwa shakuhachi. Ruka sehemu ya filimbi usiku huo, nenda moja kwa moja kwenye *Surround*, na tumia hedifoni za kufunika sikio.

*Mwezi wa kwanza ilifanya kazi, sasa siisikii tena.* Umeizoea. Usivunje orodha yote. Badilisha theluthi moja tu, na usiguse vipande viwili vya mwisho. Mwili umeshajifunza kwamba hivyo vikilia, ni wakati wa kulala.

*Nimefanya yote na wiki ya tatu hii sipati usingizi.* Hilo si la orodha ya nyimbo tena. Nenda hospitali ukaonane na daktari, orodha utaikuta.